Kuchagua cha Kuacha: Mwongozo wa Udhahania katika Programu na Akili Mnemba

Udhahania ni kuacha. Anayeandika programu huacha kwa makusudi mambo mengi ya kweli kuhusu kitu, ili machache yanayobaki yashikike akilini na kuandikika kwa mistari michache. Wengi hufundishwa kuwa ni mbinu ya kuficha ugumu. Maelezo hayo si ya uongo, ila hayamsaidii mtu anayekaa mbele ya kompyuta akijiuliza afanye nini sasa. Swali linalomsaidia ni hili: naacha nini, na nani ataumia nikikiacha?

Tutalifuata swali hilo kwa mfano mmoja, programu ndogo ya kuwakumbusha watu miadi yao. Kwanza tutaijenga kwa mkono. Kisha tutaiingizia modeli ya akili mnemba, yaani programu inayojifunza kutoka kwenye mifano badala ya kuandikiwa sheria, na hapo anayechagua cha kuacha hatakuwa wewe tena, itakuwa data. Ukijua kuandika funksheni katika lugha yoyote ya programu, una kila unachohitaji.

Hatua ya 1: Anza bila udhahania wowote

Andika kikumbusho cha barua pepe. Msimbo mtupu: unganisha na seva, weka kichwa cha barua, weka mwili, tuma. Usibuni "mtumaji wa jumla" kwa sababu tu unahisi siku moja utahitaji SMS. Siku hiyo ikifika, andika msimbo wa SMS pembeni, hata kama nusu ya mistari inafanana na ile ya kwanza. Ikija njia ya tatu, labda taarifa inayochomoza kwenye skrini ya simu, ndipo uzitazame zote tatu kwa pamoja.

Desturi ya kungoja hadi mara ya tatu ni ya zamani kati ya wanaprogramu. Martin Fowler, aliyeieneza mwaka 1999, alisema aliipata kwa Don Roberts. Mantiki yake ni kwamba ukiwa na mfano mmoja huwezi kutofautisha kilicho cha asili ya kazi na kilichotokea tu. Barua pepe ina kichwa. Je, kila ujumbe una kichwa? Aliyeona barua pepe peke yake atajibu ndiyo, na SMS itakapokuja atailazimisha kubeba kitu isichokuwa na pa kukiweka.

Hatua ya 2: Gawa karatasi pande mbili

Nasema karatasi kwa maana ya karatasi kweli, maana kwenye skrini utaanza kuandika msimbo kabla ya kufikiri. Upande wa kushoto andika vinavyobaki, upande wa kulia vinavyoachwa. Watu wengi hujaza kushoto tu. Kulia ndiko kwenye kazi.

Kwa vikumbusho vyetu, kulia kutakuwa na jina la mtoa huduma wa SMS, ufunguo wa siri wa kuingilia kwake, namna namba za simu zinavyoandikwa, anwani ya seva ya barua, na mara ngapi kurudia mtandao ukikatika. Kushoto: mpokeaji na maandishi. Hapo wengi husimama. Lakini fikiria kikumbusho kilichokwama kwenye foleni kikatoka saa tatu baada ya miadi kupita. Hakina faida, na kitamchanganya mtu. Kwa hiyo muda wa mwisho wa kutuma ni sehemu ya kikumbusho chenyewe, wala si jambo la kiufundi la kuachia foleni. Unapaswa kubaki kushoto:

tuma(mpokeaji, maandishi, kabla_ya)

Utajuaje kipi kiende kulia? Mwaka 1972 mwanasayansi wa kompyuta David Parnas alitoa kipimo ambacho sijaona kilichokizidi. Alichukua programu ndogo ya kutengeneza faharasa akaigawa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilifuata mtiririko wa kazi: sehemu moja isome, nyingine ipange, nyingine ichapishe. Katika njia ya pili kila sehemu ilificha uamuzi mmoja unaoelekea kubadilika, kwa mfano jinsi mistari inavyohifadhiwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Zote mbili zilitoa jibu sahihi. Lakini ukibadilisha namna ya kuhifadhi mistari, ya kwanza inakulazimu kugusa karibu kila sehemu, na ya pili inakugusisha moja. Basi weka kulia maamuzi yanayoweza kubadilika bila kubadilisha maana ya kazi. Mtoa huduma wa SMS atabadilika. Maana ya "kabla ya saa nne asubuhi" haitabadilika.

Hatua ya 3: Andika ahadi kabla ya mwili

Mwaka huohuo wa 1972, Edsger Dijkstra alipopokea Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, alieleza kwamba lengo la udhahania si kusema mambo kwa ujumlajumla. Ni kuunda ngazi mpya ya maana ambayo ndani yake mtu anaweza kusema kwa usahihi kamili. Wanaotukuza udhahania husahau nusu hiyo ya pili.

Rudi kwenye tuma(). Inarudisha nini? Ukijibu "kweli au si kweli", umekuwa wa jumlajumla. Kweli ya nini? Seva ya barua ikikubali ujumbe, imekubali kuupeleka mbele. Haijasema umefika, sembuse kusomwa. Kwenye SMS mtoa huduma anaweza kupokea leo na kuripoti kesho kwamba simu ilikuwa imezimwa. Andika ahadi hivi, juu ya funksheni, kwa sentensi za kawaida:

Hurudisha "imekataliwa", "imepokewa" au "imefika". "Imepokewa" maana yake mtoa huduma amekubali kuupeleka ujumbe, basi. Muda wa kabla_ya ukipita, haitatuma, na itarudisha "imekataliwa". Haitakata maandishi kimyakimya.

Sentensi ya mwisho ipo kwa sababu ya mwanasayansi wa kompyuta Barbara Liskov. Yeye na Stephen Zilles walieleza mwaka 1974 kwamba aina ya data itambulike kwa vitendo unavyoweza kuifanyia, si kwa umbo lake la ndani. Baadaye, mwaka 1987, Liskov alidai zaidi: kitu kikichukua nafasi ya kingine, programu inayokitumia isione mabadiliko ya tabia. Mtumaji wa SMS anayekata maandishi marefu ana jina sahihi na vigezo sahihi, na kompyuta haitalalamika hata kidogo. Ameivunja ahadi, na atakayegundua ni yule aliyepokea saa ya miadi bila mahali pa kwenda.

Hatua ya 4: Tafuta panapovuja

Joel Spolsky aliandika mwaka 2002 kwamba kila udhahania wenye uzito huvuja kwa kiasi fulani. Kazi yako katika hatua hii ni kushuka ngazi moja chini na kuona maji yanatokea wapi. Ngazi moja inatosha. Hakuna haja ya kufika kwenye umeme.

SMS inavuja vizuri sana kwa kujifunzia. Ujumbe mmoja hubeba baiti 140. Kwa alfabeti ya kawaida ya GSM, mfumo wa simu za mkononi, ambayo kila herufi huchukua biti 7, hizo ni herufi 160. Ikiingia alama moja tu iliyo nje ya alfabeti hiyo, ujumbe mzima huhamia kwenye usimbaji mwingine na nafasi hushuka hadi herufi 70. Sasa andika "Miadi yako ya kung'oa jino ni kesho". Kama ritifaa ya kung'oa, yaani alama iliyo kati ya ng na o, ni ile iliyonyooka, uko salama. Kama programu ya kuandikia imeipinda iwe ya mapambo, umehama. Ujumbe wenye herufi 150 uliokuwa mmoja unakuwa vipande vitatu, kwa sababu ujumbe ukigawanywa kila kipande hubaki na herufi 67 tu, na mtoa huduma kwa kawaida hutoza kwa kipande. Yote hayo yametokana na alama moja ambayo jicho haliioni, ndani ya funksheni iliyodai kwamba maandishi ni maandishi.

Mivujo mingine ya kuikagua mapema ni ya kila siku. Hifadhidata ikitumiwa kupitia maktaba inayofanya safu za jedwali zionekane kama vitu vya kawaida, kitanzi cha miadi 500 kinachosoma jina la kila mtu kinaweza kutoa maulizo 501 badala ya moja au mawili. Ukiandika 0.1 + 0.2 lugha nyingi zitakujibu 0.30000000000000004, kwa kuwa sehemu ya kumi haiandikiki kikamilifu katika mfumo wa tarakimu mbili. Usihesabu fedha kwa namba za aina hiyo. Kutafuta kitu ndani ya orodha kunafanana kwa sura na kutafuta ndani ya seti, lakini orodha hupitiwa kipengele kimoja kimoja, na seti kwa kawaida haihitaji hivyo.

Ukipata mvujo una njia tatu: uzibe, uutaje ndani ya ahadi, au ukubali kwamba jambo uliloliacha lilipaswa kubaki kushoto. Kwa SMS ningenyoosha ritifaa zote kabla ya kutuma, kisha nitaje idadi ya vipande ndani ya matokeo.

Mivujo hii isikutishe ukaukimbia udhahania wenyewe. Timu ya John Backus ilipokuwa ikiandaa lugha ya programu ya FORTRAN kule IBM, hadi ikatoka mwaka 1957, wengi waliamini mashine haiwezi kutafsiri kanuni za hesabu kuwa maagizo ya kasi kama yale ya mtu anayeandika kwa mkono. Timu hiyo ilitumia nguvu nyingi kuhakikisha kasi inakaribiana, ikijua kwamba bila hivyo hakuna ambaye angeitumia. Ngazi ya juu huaminika pale inapothibitisha kwamba ilichokiacha hakikuhitajika.

Hatua ya 5: Bomoa ukilazimika

Dalili kwamba udhahania wako haufai ni hii:

tuma(mpokeaji, maandishi, kabla_ya, ni_sms, bila_kichwa, usirudie)

Kila kigezo cha ndiyo au hapana kilichoongezwa mwishoni ni kitu kilichokuwa upande wa kulia kikirudi kushoto kwa dirishani. Viwili navivumilia. Vikifika vitatu, rudisha msimbo mahali pote unapotumika, uache ujirudie, kisha anza upya hatua ya 1. Mwanaprogramu Sandi Metz amelisema wazi: kurudiarudia msimbo ni gharama ndogo kuliko udhahania usio sahihi. Nakubaliana naye bila masharti.

Hatua ya 6: Ingiza modeli, na ujue nani anachagua sasa

Watu wanajibu vikumbusho. "Naja." "Siwezi leo." "Tusogeze hadi Ijumaa." Unataka funksheni inayopanga majibu hayo katika makundi: kuthibitisha, kughairi, kuahirisha. Unaweza kuandika sheria kwa mkono, na kwa majibu machache ningekushauri uanze hivyo. Tuseme zimekushinda, ukaamua kufundisha modeli.

Katika akili mnemba ya miaka ya mwanzo, udhahania bado ulikuwa wa kupangwa waziwazi. Mwaka 1974 Earl Sacerdoti alieleza ABSTRIPS, mfumo uliopanga hatua za roboti kwa kutazama kwanza masharti mazito tu, kisha kushuka ngazi na kuongeza madogo. Ungeweza kusoma ngazi hizo moja moja.

Mitandao ya neva, yaani modeli zenye tabaka nyingi za hesabu zinazojirekebisha kwa kuona mifano, iligeuza utaratibu. Mtandao wa Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton ulioshinda shindano la kutambua picha la ImageNet mwaka 2012 ulikuwa na vigezo (hapa maana yake namba za ndani zinazorekebishwa wakati wa mafunzo) takriban milioni 60, ukafundishwa kwa picha kama milioni 1.2 za makundi 1,000. Hakuna aliyeuambia ukingo wa kitu ndani ya picha ni nini. Matthew Zeiler na Rob Fergus walipochungulia ndani ya mitandao ya aina hiyo, waliona tabaka za chini zikiitikia kingo na rangi, za kati mifumo ya maumbo na nyuso za vitu, na za juu sehemu za vitu na vitu vizima. Ngazi za udhahania zilikuwapo, ila zilijitokeza zenyewe katika kutafuta alama nzuri kwenye mafunzo.

Kwa hiyo ile karatasi ya hatua ya 2 ipo, na imejazwa. Tatizo ni kwamba huwezi kuisoma. Kazi yako imehama kutoka kubuni kwenda kuhoji.

Hatua ya 7: Ihoji modeli kwa jozi

Modeli huacha chochote ambacho hakiisaidii kupata alama, na hushika chochote kinachoisaidia, kiwe kina maana au hakina. Mwaka 2016 Marco Tulio Ribeiro, Sameer Singh na Carlos Guestrin walifundisha makusudi modeli mbovu ya kutofautisha mbwa aina ya husky na mbwa mwitu, kwa picha ambazo mbwa mwitu wote walikuwa kwenye theluji. Ilichojifunza ni theluji. Robert Geirhos na wenzake nao walionyesha kwamba mitandao iliyofundishwa kwa ImageNet hufuata zaidi mwonekano wa ngozi ya kitu kuliko umbo lake: picha ya paka aliyevishwa ngozi ya tembo, watu walisema paka, mtandao ukasema tembo.

Alama ya jumla haitakuonyesha hili, kwa sababu data ya kupimia huwa na theluji ileile. Tengeneza jozi. Katika jozi za kwanza badilisha kitu kisichopaswa kugeuza jibu: jina la mtu, saa ya kutuma, herufi kubwa kuwa ndogo, salamu ndefu mwanzoni. Jibu likigeuka, modeli imeshika kitu ulichotaka iache. Katika jozi za pili badilisha kitu kimoja kidogo kinachopaswa kugeuza jibu. Lisipogeuka, imeacha kitu ulichotaka ishike.

Kwa Kiswahili jozi za pili ndizo tamu, maana kukanusha kwetu hukaa kwenye kiambishi kifupi mwanzoni mwa neno. "Nitakuja" na "sitakuja" zinatofautiana mwanzo tu. Modeli iliyoona data kidogo itajifunza upesi kwamba neno linaloanza na si- ni kughairi, nayo itapata alama nzuri, kwani mara nyingi ni kweli. Kisha mtu anajibu "sitakosa". Amethibitisha, tena kwa mkazo. Mwingine anajibu "nitakosa", naye haji. Weka jozi hiyo kwenye majaribio yako. Ongeza "hapana shida", "si nilisema nakuja?" na "sidhani kama nitaweza". Dazeni tano za jozi kama hizi, zilizoandikwa na mtu anayeijua lugha, zitakufundisha mengi kuhusu modeli yako kuliko asilimia yoyote ya jumla.

Ukitumia modeli kubwa ya lugha iliyokwisha kufundishwa badala ya kufundisha yako, shuka ngazi moja uone tokeni. Modeli hizi hazisomi herufi. Hupokea vipande vya maneno vilivyogeuzwa kuwa namba. Ndiyo maana huweza kuandika insha nzuri kisha zikakosea kuhesabu herufi a katika neno moja. Vikata-tokeni vingi vimetengenezwa kwa data ambayo sehemu kubwa ni Kiingereza, kwa hiyo neno letu refu lenye viambishi vitano aghalabu hukatwa vipande vingi zaidi, na si lazima pale ambapo mwanasarufi angekata. Gharama hupanda, na nafasi ya maandishi hujaa mapema.

Hatua ya 8: Izungushie modeli ahadi nyembamba

Sehemu nyingine za programu zisijue kama kuna modeli. Zione hii tu:

ainisha_jibu(maandishi)

Hurudisha "kuthibitisha", "kughairi", "kuahirisha" au "haijulikani". La nne ndilo muhimu kuliko yote. Funksheni ya kawaida huahidi kuwa sahihi kila mara au kutoa hitilafu. Modeli haiwezi kuahidi hivyo, na hukosea kwa sauti ileile inayopatia. "Haijulikani" humpelekea binadamu jibu hilo alisome. Iandike kwenye ahadi, pamoja na kiwango cha makosa unachokubali kwa kila kundi. Viwango visilingane: kumpigia simu mtu aliyekwisha kuthibitisha ni usumbufu mdogo, kumfutia miadi aliyesema "sitakosa" ni jambo jingine kabisa.

Modeli isiruhusiwe kuandika moja kwa moja kwenye hifadhidata. Ikirudisha sentensi nzima badala ya moja ya maneno manne, hesabu kuwa "haijulikani" na usijaribu kukisia ilimaanisha nini. Hifadhi kila jibu pamoja na toleo la modeli iliyolitoa, la sivyo miezi michache baadaye hutaweza kueleza kwa nini tabia ilibadilika. Maagizo unayoipa modeli kubwa ya lugha, hata yakiwa ya lugha ya kila siku, ni msimbo; yahifadhi na kuyapima kama msimbo.

Siku moja mtoa huduma atatangaza modeli mpya, au utafundisha yako upya kwa data zaidi. Sharti la Liskov linarudi hapa kwa sura nyingine: mbadala hutaweza kuuthibitisha kwa hoja, utaupima tu. Endesha jozi zote kwa modeli ya zamani na mpya, uweke matokeo kando kwa kando, usome zile zilizokuwa sahihi na sasa zimeharibika. Kama "sitakosa" imehamia kwenye kughairi, baki na ya zamani, hata kama alama ya jumla ya mpya imepanda.